Mwaka wa Chuo na Miaka Hamsini ya Kazi: Maisha ya William Percival Johnson wa Ziwa Nyasa

Kila mwaka wa masomo unapofikia ukingoni, sisi wakufunzi wa Mbinu za Kufundishia huwapa wanachuo wetu zoezi la mwisho lisilo na alama. Huwataka waandike kurasa mbili juu ya mwaka walioumaliza chuoni: walichojifunza, kilichowabadili, na kilichowashinda. Tumezisoma insha hizo kwa miaka kadhaa sasa, na aghalabu hufanana. Mwanachuo hutaja bweni alilolala, marafiki aliowapata, shamba la chuo, mechi za mpira na wakufunzi waliomsaidia, kisha humalizia kwa kusema kuwa amekua. Ni wachache waelezao wamekua kwa sababu gani, na wachache zaidi wathubutuo kuandika habari za siku waliyoshindwa.

Hatuwalaumu. Fomu zetu za tathmini hazina mahali pa kushindwa ila ile safu ya alama za chini, na mwanachuo hujifunza mapema kuificha safu hiyo. Katika makala haya tunataka kulitazama jambo hili kwa njia ya maisha ya mtu mmoja mashuhuri, aliyefariki zamani, ambaye kaburi lake liko Liuli, kando ya Ziwa Nyasa. Kabla ya kumfikia hatuna budi kueleza ni jinsi gani tulifika hapo.

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliopita tulipangiwa kuwasimamia wanachuo katika shule za msingi za ufuko wa ziwa, katika Wilaya ya Nyasa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Msomaji asiyeifahamu nchi hiyo ajue kwamba Mbinga yenyewe iko juu milimani, penye baridi, kahawa, na yale mashamba ya ngoro ambayo Wamatengo huchimba mashimo katika miteremko ili udongo na maji visiporomoke. Kutoka huko barabara hushuka kwa kona nyingi hadi Mbamba Bay, na hapo msafiri huvua koti. Chini ni nchi ya mihogo, maembe na mitumbwi, na usipa huanikwa mchangani mbele ya nyumba. Watoto wa huko huanza shule wakiwa na Kinyasa kinywani, na Kiswahili wengi hukikuta darasani.

Katika shule mojawapo alikuwako mwanachuo wetu, binti hodari katika mihadhara, ambaye andalio lake la somo lilikuwa safi kuliko yote tuliyoyakagua juma lile. Alikuwa amechora zana zake mwenyewe kwa rangi tatu. Tulikaa nyuma ya darasa la kwanza tukamsikiliza akifundisha hesabu za kujumlisha kwa picha za magari ya moshi na mabehewa. Watoto walimtazama kimya. Aliuliza swali, hawakujibu. Alirudia kwa sauti kubwa zaidi, wakazidi kuinama. Dakika 30 zilikwisha bila mtoto hata mmoja kusema neno ambalo hakuambiwa alirudie. Sisi tuliandika katika fomu kwamba ushirikishaji wa wanafunzi ulikuwa hafifu, tukampa alama zilizostahili maneno hayo, tukaondoka kwenda shule nyingine. Jioni tukaletewa habari kuwa amefunga sanduku lake na kusema ualimu haukuwa wito wake. Hatukumwuliza lolote. Tulimwomba tu asiondoke kabla ya Jumatatu.

Jumapili tulikuwa Liuli, na hapo ndipo tulipokwenda kuliona kaburi la William Percival Johnson. Wazee wa pwani ile wangali wakimtaja kama mtu wa jana, ingawa amelala hapo tangu mwaka 1928.

Johnson alizaliwa tarehe 12 Machi 1854 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alisoma Bedford, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Oxford. Alikuwa kijana mwenye akili nyepesi katika lugha, na njia iliyokuwa mbele yake ilikuwa imesafishwa tayari: alikusudia kuingia katika utumishi wa serikali ya Waingereza nchini India, kazi iliyokuwa na heshima, mshahara mnono na pensheni. Vijana wengi wa daraja lake waliitamani kazi hiyo kuliko nyingine yoyote.

Katika siku hizo Edward Steere, askofu wa Kanisa la Kiingereza huko Unguja, alikuwa akitafuta watu wa kufanya kazi pamoja naye. Steere alikuwa mwanafunzi mkubwa wa Kiswahili. Kitabu chake cha kufundishia lugha hiyo kilikuwa kimekwisha kuchapishwa mwaka 1870. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na kanisa kuu lilikuwa likijengwa juu ya kiwanja chake pale Mkunazini. Wito wa Steere uliwafikia Oxford vijana wawili waliokuwa marafiki, Chauncy Maples na Johnson. Wote wawili waliitika. Mwaka 1876 Johnson alipokea shahada yake, akaiacha India, akasafiri kuja Unguja, na mwaka huo huo akafanywa shemasi. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Wasomi wengi huyahesabu masomo ya Johnson kuwa yalikwisha alipoondoka Oxford. Sisi twaona kwamba mwaka wake wa chuo ndio kwanza ulikuwa unaanza. Mnamo Oktoba 1876 Steere aliondoka pwani ya kusini pamoja na Johnson na kundi la watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Kusudi lilikuwa kuwarejesha katika nchi za bara, kuelekea Ziwa Nyasa, walikotekwa wengi wao. Walipofika Masasi mwezi wa Novemba, watu hao waliiona nchi kuwa njema, wakaomba kukaa hapo hapo. Wakakata miti, wakajenga, wakalima. Baada ya majuma machache Steere alirudi Unguja, na Johnson akaachwa kuwa msimamizi wa kijiji kipya.

Tulifikiri sana juu ya hali hiyo. Huyu alikuwa kijana aliyetoka chuo kilichosifika duniani, naye sasa yuko katikati ya watu ambao hawakuhitaji hata moja ya vitabu alivyovisoma. Hakujua kulima nchi ile. Hakujua ni mti upi hujengewa na upi huliwa na mchwa. Kiswahili chake kilikuwa kichanga, na lugha za watu hao, Kiyao na nyinginezo za bara, hakuwa nazo. Kila alichohitaji ili aishi, na kila neno alilohitaji ili afundishe, ilimpasa akiombe kwa watu aliotumwa kuwafundisha. Maples alimfikia Masasi mwaka 1877. Katika miezi iliyotangulia Johnson alikuwa mwanafunzi wa kijiji kizima. Kwa maoni yetu, mwaka ule ndio uliomfanya mwalimu, kwa maana tabia zote alizokuwa nazo baadaye zaonekana kuwa na mizizi hapo: kuishi kama wenyeji, kula chao, kujifunza lugha kwa midomo ya watu kabla ya kuiandika, na kutoona haya kuuliza.

Lakini mwaka mmoja, hata uwe mwema kiasi gani, hauwi kinga ya kushindwa. Mwaka 1880 Johnson alikwenda kuishi Mwembe, mji mkuu wa Mataka, mtawala wa Wayao, katika nchi ambayo sasa ni kaskazini ya Msumbiji. Steere alikuwa amefika huko kwa miguu mwaka 1875 na kupokewa vizuri. Johnson naye alipokewa, akaanza kufundisha. Mwaka 1881 msafara wa watumwa uliotoka upande huo ulikamatwa pwani na Waingereza. Watu wa Mwembe wakaamini kwamba Mzungu wao ndiye aliyepeleka habari. Hasira zikawaka, mali yake ikapotea, naye akalazimika kuuacha mji. Kazi ya zaidi ya mwaka ikamwagika kama maji.

Mapema mwaka 1882 alijaribu tena, mara hii akienda moja kwa moja ziwani pamoja na mwenzake, Charles Janson. Safari ilikuwa ngumu, nao walifika ufukoni Janson akiwa mgonjwa. Akafa hapo baada ya siku chache, na Johnson akamzika. Mwaka huo huo wa 1882, Masasi nayo ilishambuliwa na Wangoni, nyumba zikachomwa na watu wakachukuliwa. Na Askofu Steere akafariki Unguja mwezi wa Agosti. Kwa hiyo katika mwaka mmoja Johnson alipoteza mwenzi wa safari, mwalimu wake, na kijiji chake cha kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Alibaki ufukoni. Alitembea kijiji hata kijiji upande wa mashariki wa ziwa, akilala alikopewa mkeka na kula alichopewa. Katika matembezi hayo akatambua jambo ambalo kila mkaguzi wa shule za ufukoni hulitambua siku ya kwanza. Vijiji vya ziwa vimepangwa mstari mmoja mrefu, milima nyuma na maji mbele. Ziwa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilometa 550. Mwalimu akikaa mahali pamoja, atawafikia watu wa hapo tu. Akitembea kwa miguu, mwaka utakwisha hajafika mwisho. Njia ya nchi hiyo ni maji. Kwa hiyo shule yake ilihitaji meli.

Johnson alirudi Uingereza kukusanya fedha, na meli ndogo ya mvuke ikaundwa, ikapewa jina la Charles Janson aliyezikwa ufukoni. Mwaka 1884 ikaletwa Afrika ikiwa vipande vipande, kupitia mto Zambezi na mto Shire. Katika safari hiyo ya mizigo Johnson alishikwa na maradhi ya macho. Ikabidi arudishwe Uingereza akiwa haoni. Meli aliyoihangaikia iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1885, yeye hayupo. Waganga walijitahidi, lakini jicho moja lilipotea kabisa, na la pili likabaki na nuru hafifu.

Ndugu msomaji, tafadhali usilipite jambo hili kwa haraka. Mtu huyu maisha yake yote yalikuwa yamejengwa juu ya kusoma. Lugha alizokuwa akizijifunza bado hazikuwa na vitabu. Ilikuwa ni kazi yake kuviandika. Hakuna ambaye angemshangaa kama angebaki kwao akapewa kazi nyepesi. Yeye alirejea ziwani. Kuanzia hapo na kwa zaidi ya miaka 40 aliyobakiwa nayo alifanya kazi akiwa nusu kipofu, karatasi ikiwa imesogezwa karibu kugusa uso.

Kwa upande wa mbinu za kufundishia, upungufu huo ulimlazimisha kuutegemea mdomo na sikio kuliko ubao, na kuwategemea walimu wenyeji kuliko nafsi yake. Tangu 1885 makao makuu ya kazi yalikuwa kisiwa cha Likoma, lakini Johnson hakuwa mtu wa makao makuu. Maskani yake ilikuwa meli na njia za ufukoni. Meli ilimshusha kijiji kimoja, akatembea hadi kingine, akikaa na mwalimu wa kila shule ndogo, akiwasikiliza watoto, akisahihisha, akihimiza, kisha akapanda tena meli ilipopita. Shule hizo zilikuwa vibanda vya miti na nyasi, na walimu wake walikuwa vijana wenye elimu chache. Wale walioonekana kuwa na uwezo walipelekwa Chuo cha Kiungani, Unguja, safari ya mbali sana wakati ule, na wengine walifundishwa Likoma.

Mipaka ya wakoloni ilipochorwa katika miaka ya 1890, ufuko ambao Johnson aliuhesabu kuwa darasa moja ulijikuta chini ya bendera tatu: ya Wajerumani upande wetu, ya Wareno kusini yake, na ya Waingereza ng'ambo. Watu wa ufuko walikuwa ni wale wale, lugha ni ile ile, ila mtoto wa kijiji hiki akawa wa dola hii na binamu yake wa kijiji cha pili akawa wa dola nyingine. Shule za Johnson ziliendelea kufuata lugha na maji.

Mwezi wa Juni 1895 rafiki yake Maples alifanywa askofu wa Likoma. Mnamo Septemba mwaka huo huo, alipokuwa akirudi kuanza kazi yake mpya, dhoruba iliipindua mashua yake ziwani usiku, akafa maji. Mwaka uliofuata Johnson alipewa cheo cha ushemasi mkuu wa Nyasa, nacho alikuwa nacho hadi kufa kwake.

Kumbukumbu ya Maples ikawa meli ya pili, kubwa zaidi. Hapa tunaomba usikivu wa pekee wa wenzetu wa vyuo vya ualimu. Meli ya Chauncy Maples ilikusudiwa iwe zahanati, kanisa, kimbilio la watu waliokimbia wafanya biashara ya utumwa, na pia shule ya kuwafundisha walimu juu ya maji. Iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa tena, ikafungwa katika vipande 3,481, ikaletwa hadi mlango wa Zambezi, ikapandishwa mtoni na kubebwa nchi kavu kuyazunguka maporomoko ya Shire. Boila lake, lenye uzito wa tani kadhaa, lilivutwa kwa kamba na mamia ya Wangoni katika nchi isiyokuwa na barabara. Meli ilishushwa majini tarehe 6 Juni 1901.

Wazo lililokuwa nyuma ya meli hiyo lilikuwa la Johnson hasa, nalo laweza kuelezwa kwa maneno machache. Mwalimu mwanafunzi akiondolewa kijijini na kufungiwa chuoni mbali, atarudi akiwa na elimu lakini amesahau watoto anaokwenda kuwafundisha. Akiachwa kijijini bila chuo, atabaki na watoto lakini bila elimu. Basi chuo na kisafiri. Mwanachuo asome asubuhi, meli itie nanga mchana, ashuke akafundishe, arudi jioni aulizwe aliona nini. Sisi leo huita mpango wa namna hiyo mazoezi ya kufundisha, tukaupa majuma machache katika mwaka. Yeye alitaka uwe mwaka mzima.

Tusiseme kwamba mpango huo ulifaulu kama ulivyowazwa. Meli haikuweza kuwa chuo peke yake, na mafunzo ya walimu ya nchi kavu yaliendelea. Wala tusiseme kwamba elimu ile haikuwa na kasoro. Ilikuwa elimu ya misheni, iliyokusudiwa kwanza kuwapata waumini, na vitabu vyake vilikuwa vichache na vya namna moja. Ilikwenda sambamba na tawala ambazo wenyeji hawakuzichagua, na nafasi za juu zilichelewa mno kuwafikia Waafrika. Tena Johnson mwenyewe hakujali chakula, malazi wala afya, na kielelezo cha namna hiyo hakiwezi kuwekwa kuwa kipimo kwa kila mwalimu. Mwalimu mwenye familia anastahili nyumba, mshahara na mapumziko.

Hata hivyo, mti hutambuliwa kwa matunda. Katika dayosisi ile ile Yohana Abdala, Myao aliyesomea Kiungani, alifanywa kasisi mwaka 1898. Kitabu chake cha historia ya Wayao, alichokiandika katika Kiyao, kilichapwa mwaka 1919, nacho hutumiwa na wanahistoria hadi leo. Leonard Kamungu, mtoto wa kijiji cha Chia ufukoni, alikuwa mwalimu, akawa kasisi mwaka 1909, na mwaka 1911 akaenda kuanzisha kazi Msoro, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, akafa huko mwaka 1913. Watu wa namna hii ndio waliozibeba shule za ziwa mabegani mwao, wakati majina ya Wazungu yakiandikwa juu ya meli.

Na yule nusu kipofu aliendelea na maandishi. Mwaka 1912 ilichapwa Biblia nzima katika Kinyanja cha upande wa Likoma, lugha ambayo kwetu huitwa Kinyasa, nayo ilikuwa kazi ya mkono wake. Msomaji wa dini yoyote, au asiye na dini, aweza kuipima kazi hiyo kwa kipimo cha mwalimu: maelfu ya aya, jicho moja dhaifu, na lugha iliyojifunzwa vibandani kwa kuuliza.

Mwezi wa Agosti 1914 vita vya Wazungu vilifika ziwani. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake lifananalo na sanamu ya Misri, ilipigwa mizinga na meli ya Waingereza iliyokuja kuiharibu meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Vita hivyo vilivuruga shule za ufuko mzima. Vilipokwisha, Johnson alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60, naye alirudia njia zake. Alifariki Liuli mwezi wa Oktoba 1928, akiwa na umri wa miaka 74, baada ya miaka 52 ya kazi, akazikwa pale pale.

Tulikaa karibu na kaburi hilo jioni ya Jumapili tukizungumza sisi kwa sisi, wakufunzi watatu, na mazungumzo yetu hayakuwa ya kujisifu. Tulijiuliza: Kijana Johnson angekuwa mwanachuo wetu, nasi tukamkagua Masasi mwezi wa Desemba 1876, tungempa alama gani? Lugha ya kufundishia hakuwa nayo. Zana hakuwa nazo. Nidhamu ya darasa hatujui tungeiandika vipi. Bila shaka tungeandika kuwa hafifu, tukapanda gari. Na kama tungemkagua Mwembe mwaka 1881, tungependekeza aondolewe kazini.

Jumatatu asubuhi tulirudi katika shule ya yule binti. Tulianza kwa kumwomba radhi, jambo ambalo wakufunzi hatukulizoea. Tulikiri kwamba sisi tuliokaa nyuma ya darasa tulikuwa tumeona kosa kabla yake, maana ni sisi tuliolipitisha andalio lake chuoni na kulisifu, bila kuuliza kama mtoto wa ziwa amepata kuona gari la moshi. Kisha tukamwomba afanye jambo moja: siku mbili asifundishe, bali akae na watoto, aende nao ufukoni, ajifunze kuhesabu kwa lugha yao na aulize kila asichokijua.

Siku ya nne alifundisha tena somo lile lile la kujumlisha. Safari hii hakuleta chati. Alileta kikapu cha usipa waliokauka, akawaambia watoto wamfundishe jinsi mama zao wanavyopanga mafungu sokoni. Alipokosea hesabu kwa Kinyasa, darasa zima lilicheka na kumsahihisha, naye akacheka pamoja nao; kisha wakalisema jibu hilo kwa Kiswahili. Hatutaki kulitia jambo hili chumvi. Somo lilikuwa na dosari: muda ulimpita, na watoto wa viti vya nyuma hawakufikiwa. Lakini watoto walizungumza, na mwalimu alikuwa akisikiliza.

Kutokana na hayo yote tunayo mapendekezo matatu kwa wenzetu wa vyuo vya ualimu.

Kwanza, siku za mwanzo za mazoezi ya kufundisha zisiwe za kufundisha. Mwanachuo apewe angalau siku mbili za kuijua nchi, kazi za watu, na lugha isemwayo na watoto nyumbani, na azieleze katika daftari lake kabla ya kuandika andalio la somo la kwanza. Johnson hakupewa mwongozo huo na mtu. Hali ya Masasi ilimlazimisha. Sisi tunaweza kuupanga.

Pili, ukaguzi wa kwanza usiwe na alama. Mkufunzi amsikilize mwanachuo kabla ya kumwandikia. Swali la kuanzia liwe ni nini alichokiona yeye, maana mara nyingi amekiona kosa lake kabla yetu, na anachohitaji ni mtu wa kukaa naye hadi kesho yake. Somo lililoshindwa lifundishwe upya mahali pale pale na kwa watoto wale wale.

Tatu, maisha ya walimu wa zamani yafundishwe katika vyuo vyetu, Waafrika kwa wageni, pamoja na makosa yao. Kila pembe ya nchi yetu ina kaburi la mwalimu ambaye wanachuo hulipita bila kujua. Wakikusanya habari zake kwa wazee, watakuwa wamejifunza historia na utafiti kwa pamoja, na watagundua kuwa hao waliotangulia nao walishindwa katika miaka yao ya kwanza.

Sisi wenyewe tumekwisha kuanza kwa jambo dogo. Lile zoezi la mwisho wa mwaka tumelibadili. Hatuwaulizi tena wanachuo mwaka wao ulikuwaje. Tunawataka waandike habari za siku moja waliyoshindwa kufundisha, na walichokifanya siku iliyofuata. Kurasa ni mbili kama zamani. Yule binti wa ufukoni, ambaye hakuondoka, aliandika nne, na za mwisho mbili zilikuwa orodha ya maneno ya Kinyasa aliyofundishwa na darasa la kwanza.